Mlango Unaofungukia Nje

9 Februari

Kitinda, mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekula na umevaa soksi. Mimi ni mzima, ila magoti yameanza kuwa na maoni yao. Shangazi amewekewa meno mapya na sasa anacheka hata pasipo na cha kuchekesha. Paka wa Mama bado anakuja. Anapanda kwenye kiti cha Mama, anajikunja, wala haniangalii, kana kwamba mimi ndiye niliyekikalia bila ruhusa.

Usiniulize kwa nini sikupigii simu. Tukipigiana tunapaza sauti, tunaulizana hali mara tatu, kisha inakatika, na nyumba inakuwa kimya kuliko ilivyokuwa kabla simu haijalia. Barua naisoma jioni, na kesho yake naisoma tena.

Sasa nisikilize. Tangu Mama atutoke, ua umebaki udongo mtupu. Unakumbuka alivyokuwa akiunyunyizia maji kila asubuhi na kuufagia mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Mimi nashinda kwenye cherehani, siwezi yote mawili. Juzi upepo uliingia na vumbi nikiwa nimetandaza gauni jeupe la bibi harusi mezani. Nimelifua, nikalipiga pasi, na upindo bado una rangi ya chai. Mwenyewe hakuona. Mimi niliona, na nitaendelea kuliona hata akizaa wajukuu. Wewe unaishi na mimea. Hakuna mmea mfupi wa kufunika ardhi, usiotaka kufyekwa? Kuinama kwangu siku hizi ni safari.

Na jambo la pili. Kuna mwalimu, mama mmoja mpole, amehamishiwa shule ya hapa jirani na anatafuta chumba. Ameulizia chako. Nimemwambia ufunguo ulikwenda nao wewe, na mimi sivunji kufuli ya mtu. Nikamwonya pia kuhusu ule mlango, kwamba fundi aliutundika kinyume ukawa unafungukia nje, na sote humu ndani umetupiga vipaji vya uso kwa zamu. Alicheka, akasema atasubiri jibu. Basi nijibu. Unarudi, nikutunzie chumba, au nimpe?

Dada yako, anayeandika kwa mkono wenye kidole cha kushonea


4 Machi

Kwako Dada,

Soksi nimevaa, jozi mbili. Huku baridi imegoma kuondoka, na chumba changu kiko juu ya karakana ya baiskeli, kwa hiyo upepo unapita chini ya sakafu kama mpangaji mwenzangu. Nakula vizuri. Mwambie Shangazi namwombea meno yadumu.

Kuhusu ua, nimepata dawa yako. Kuna mmea hapa kitaluni ambao ukiuona utadhani ni ule ukoga wa kijani unaoota chini ya bomba, lakini una mizizi na majani yake, membamba kama uzi, na ukifika wakati wake unatoa maua meupe madogo sana. Hauinuki. Unatambaa tu na kujaza kila ufa, ukishikana unakuwa zulia. Sisi wafanyakazi tunauita hivyo hivyo, zulia. Mbegu zake ni ndogo kuliko unga. Nimekukunjia kwenye karatasi, ifungue mahali pasipo na upepo.

Usizifukie. Najua mkono wako umezoea mahindi na maharage, kuchimba na kufunika, lakini hizi zikifunikwa hazioti, zinataka kuona mwanga. Jaza trei udongo laini, ulowe vizuri, kisha zimwage juu yake na uzibonyeze taratibu kwa kiganja. Usitumie kata kumwagilia. Tumia ile chupa yako ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Weka kivulini, na udongo usikauke hata siku moja. Baada ya wiki chache utaona kijani. Miche ikipata nguvu uihamishie uani kidogo kidogo. Ukiwa mchanga mguu mmoja tu unaumaliza, lakini ukikomaa unabeba mguu mwepesi bila kulalamika.

Nakatisha hapa, trei zangu nazo zinasubiri. Nisalimie paka, hata kama hataitikia.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu mwenye soksi mbili mbili,

Hujambo? Hapa hatujambo, yaani mimi na cherehani. Shangazi anakusalimu. Anasema hayo maombi yako uyaelekeze kwenye taya la chini, la juu liko imara.

Barua nimeipata, na swali langu nimeona ulivyolipita, kama bibi harusi anavyompita mchumba wa zamani, uso mbele. Haya. Nitaliuliza tena mwishoni.

Mbegu zilifika salama. Lakini kweli hao mabwana wa huko hawajui kusafisha kitu kabla ya kukituma? Nusu nzima ilikuwa vumbi la kahawia. Nilishusha ungo wa Mama msumarini, nikaenda kusimama pale mbele ya mlango wa chumba chako, maana ndipo penye upepo uani, nikazipepeta kama tulivyofundishwa. Nilipepeta mpaka mikono ikachoka na matone ya lile tangi bovu yakanilowesha kichwa. Tangi lenyewe bado linadondosha pale pale mlangoni kwako, sina wa kulipandia. Lakini vumbi lote liliondoka, zikabaki mbegu safi, nyeupe, zinang'aa. Mama angeziona angenisifu, na unajua alivyokuwa bahili wa sifa.

Nikafanya kama ulivyosema. Trei iko chini ya dirisha la jikoni. Kila asubuhi, kabla ya chai, naipiga maji kwa chupa ya pasi na kuisalimia. Mwanzoni niliona haya kusalimia trei. Sasa siku nikisahau naona nimekosa adabu, narudi kutoka kwenye cherehani kuja kuomba radhi. Mpaka leo hazijanijibu. Labda na zenyewe ni za ukoo wetu.

Mwalimu alipita tena Jumapili. Hakuuliza kitu, alileta suruali ya kupunguzwa kiuno, lakini macho yake yalikuwa kwenye mlango wako. Kitinda, nimpe chumba au nisimpe?

Dada


6 Mei

Dada yangu,

Kwanza kaa. Vuta kiti, si kile cha paka.

Hizo ulizozipanda, nyeupe zinazong'aa, ni mchanga.

Sisi hapa hatuzimwagi mbegu hizi peke yake, ni ndogo mno, zote zingeanguka mahali pamoja. Tunazichanganya na mchanga mkavu ili mkono uzitawanye sawasawa. Kila mtu kitaluni analijua hilo, hata wasomba mbolea, na mimi nikasahau kwamba wewe hauko kitaluni. Lile vumbi la kahawia ndilo lililokuwa mbegu. Umeipepeta mali yote, ukaupanda mchanga na kuunyunyizia maji na kuujulia hali kila siku.

Nisamehe, Dada, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa kitandani, machozi yakanitoka. Kisha nikageuka nimsimulie mtu. Nilibaki nimegeuka vile vile, naangalia ukuta, mpaka kicheko chenyewe kikaisha. Wenzangu kazini ni watu wazuri, lakini ningewaeleza nini? Ningeanza na ungo, na wao hawaujui. Ningemfikia Mama, na wao hawakumwona akipepeta.

Mbegu nyingine hazipo kwa sasa. Zile zilikuwa za mwisho kwenye mtungi, lazima tungoje mimea ya hapa itoe maua, ikauke, ndipo tukusanye upya. Mvumilivu hula mbivu.

Kuhusu lile jambo lingine, nitaandika.

Mdogo wako


20 Juni

Kitinda,

Salamu. Shangazi mzima. Paka mzima.

Trei nimeimwaga. Nilitembea nayo mpaka nyuma ya jiko nikaumwaga mchanga kwa heshima, kwa kuwa tulikuwa tumezoeana. Na mvumilivu hula mbivu kama bado ana meno, kamuulize Shangazi.

Ulisema utaandika. Nimesubiri nikidhani barua imekwama njiani. Mtu wa posta sasa akinikuta mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Sikutaka kukuambia hili, lakini naona tukiendelea kufichana tutakuwa wageni. Mwezi uliopita niliteleza uani asubuhi, nikakaa chini na sikuweza kuinuka. Niliita kidogo. Kisha nikaacha, maana kuita na kutoitikiwa kunachosha kuliko mguu kuuma. Nilikaa pale mpaka mchana, alipokuja kijana mmoja kuchukua suruali yake. Alidhani natafuta sindano iliyoanguka, akapiga magoti kunisaidia kuitafuta. Nami nikamwacha aitafute, tukaitafuta wote, halafu ndipo nikamwomba aninyanyue. Mguu ulivimba, sasa umepungua. Huna haja ya kuwa na wasiwasi. Nakuambia tu ili ujue nyumba hii ina ukubwa gani mtu akiwa peke yake chini.

Mama alikuwa akisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sawa. Mimi ndiye niliye ngamani, na nimechoka kukaa humu nikisikiliza nani anarejea. Kile chumba sikukigusa. Hata dirisha lake, lile ulilokuwa ukilipandia ukirudi umechelewa, Mama hakukubali litiwe komeo mpaka siku anaondoka, na mimi sijalitia. Lakini mwalimu hawezi kusubiri milele, na mimi nahitaji mtu wa kunisikia nikianguka.

Sitaki mpangaji. Nakutaka wewe. Nimelisema. Kama huji, basi sema huji, nitalibeba hilo kama nilivyobeba mengine. Kimya chako ndicho kisichobebeka.

Dada


28 Agosti

Dada,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Hujambo mguu? Usinidanganye.

Ndani ya bahasha, kwenye kile kitambaa, kuna ufunguo. Nimetembea nao miaka yote hii kwenye mfuko wa kulia, na mifuko yote ya kulia ya suruali zangu imetoboka. Ungekuwa karibu ungeishona ukinisema. Mpe mwalimu chumba. Mwambie avute mlango kwa mkono wa kushoto na arudi nyuma hatua moja, ndivyo nilivyokuwa nikiokoa kipaji changu cha uso.

Nitakuambia sababu, maana umeniambia yako.

Siku uliyonipigia kuhusu Mama nilikuwa napanda trei. Uliposema, niliitikia, tukalia wote, simu ikakatika. Nikarudi nikaimalizia ile trei. Sikujua kingine cha kufanya na mikono. Nauli haikupatikana kwa wakati, mazishi yakapita, na watu wa huku hawakuona tofauti yoyote kwangu kwa sababu hapakuwa na tofauti ya kuona. Mama hakuwahi kuwa huku. Chumba hiki hakina kiti chake. Hakuna asubuhi ya huku iliyowahi kuwa na sauti ya ufagio wake, kwa hiyo hakuna asubuhi iliyonyamaza.

Unanielewa? Mimi nikifumba macho, Mama bado yuko uani anamwagia vumbi maji, na hakuna kitu huku cha kunikatalia. Nikifungua lango la nyumba yetu, hatakuwepo. Kwako hayupo tangu mwaka juzi. Kwangu atakuwa ameondoka siku hiyo hiyo, nimeshika begi. Naogopa, Dada. Mwanaume mzima mwenye ndevu, naogopa ua uliofagiliwa vibaya.

Kwa hiyo mpe chumba. Sitaki uanguke tena ukabaki unatafuta sindano ambayo haikuanguka. Nguo zangu zilizomo ndani zigawe. Ile redio iliyovunjika itupe tu.

Mdogo wako, ambaye bado anakupenda hata asipoonekana


5 Oktoba

Kitinda,

Ufunguo nimeupata. Nilikaa nao mapajani nikausugua na majivu ukang'aa. Sikulia siku hiyo. Nililia keshoye nikipika, bila sababu ya vitunguu.

Nilimtumia mwalimu salamu, nikamwambia aje Jumamosi aone chumba. Asubuhi ya siku hiyo nikachukua ufunguo, mafuta ya cherehani ya kulainisha kufuli, ufagio na kitambaa, nikavuka ua. Kusema kweli sikuwa nimefika mlangoni kwako tangu ile siku ya ungo. Kwanza ulikuwa mguu, halafu ilikuwa hasira. Naangalia chini nisije nikateleza kwenye maji ya tangi, naona kijani.

Nilidhani ni ukoga. Nikainua ufagio niukwangue. Kitu kikanizuia, sijui nini, labda uvivu. Nikapiga magoti, nayo yakaniambia yote yaliyokuwa moyoni mwao, nikagusa. Ni laini, Kitinda. Ni laini kama velveti nzuri, ile inayouzwa kwa nusu mita, na umeshikamana na ardhi kama ulioshonewa. Mmea wako umejaza nyufa zote za kizingiti, umetambaa mpaka chini ya ubao wa mlango, na upande wa tangi umeanza kupanda ukutani. Una maua pia. Meupe, kila moja kama kichwa cha pini. Nilizipepeta mbegu zako kwa mikono yangu mwenyewe, zikaenda zikakaa mahali pekee hapa nyumbani ambapo maji hudondoka kila siku na hakuna mguu unaopita.

Nilikaa pale nikizungumza nao. Nilikuwa nimesalimia mchanga miezi mizima, na wenye kustahili salamu walikuwa nyuma yangu.

Mwalimu alipofika alinikuta bado nimekaa chini. Hakudhani natafuta sindano, aliuona. Akasema ni mzuri. Kisha akaangalia mlango, akaangalia bawaba, akaniangalia mimi. Mtu mwenye akili. Mlango huu unafungukia nje. Nikiufungua tu, ubao utaukwangua wote, mara moja, kama mtu anavyofuta ubao wa darasani.

Akaniuliza, "Sasa tunafanyaje, dada?"

Nikamwambia, "Chumba kina mtu, mwalimu. Nisamehe kwa kukusumbua."

Hakukasirika. Amepata chumba mtaa wa pili, na amesema atakuwa akipita asubuhi akienda shuleni aone kama nimeamka. Amepita leo. Kwa hiyo la kuanguka usilifanye sababu tena, limepata mwenyewe.

Sasa kuhusu Mama. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko zote ulizowahi kuandika, na nilikuwa na hasira, kisha sikuwa nayo. Unasema huko uliko bado yuko uani. Basi mimi ndiye ninayeishi na kutokuwepo kwake, peke yangu, kila asubuhi, na ni kuzito, mdogo wangu. Ni mzigo wa watu wawili. Umeniachia upande wako pia. Sikulaumu, ulikuwa hujui una uzito gani, kama mimi nilivyokuwa sijui mbegu ipi na mchanga upi. Lakini sasa unajua.

Unaogopa ua uliofagiliwa vibaya. Haki yako, umefagiliwa vibaya kweli. Ila mbele ya mlango wako hapafagiliki tena. Ukifika hutakuta pale mahali Mama alipopaacha. Utakuta kitu ambacho hata yeye hakukiona, na utalazimika kukiangalia pamoja na mimi.

Ufunguo nimeutundika kwenye msumari wa ungo. Sitaufungua mlango huo. Njoo.

Dada yako


14 Novemba

Dada,

Barua yako ilifika nikiwa kazini, nikaisoma nimesimama kati ya trei. Msimamizi akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, wa mwaka juzi. Akanipa likizo. Kumbe ilikuwa ya kuomba tu.

Nafika kabla mwaka haujaisha. Shangazi usimwambie, atatangaza. Nimenunua viatu vyenye soli laini, maana ule mmea nimeupanda kwa watu wengi sana na sijawahi kuukanyaga.

Ufunguo uache hapo hapo msumarini. Mlango usiuguse. Nitapitia dirishani, kama nilivyokuwa nikifanya nikichelewa. Nimenenepa kidogo tangu wakati ule, kwa hiyo magoti yakikuruhusu, simama nyuma yangu unisukume.

Kitinda